Homa ya Nyumba ya Mama Mbuyu

Homa ilimkuta Omer kazini. Alikuwa amechuchumaa mbele ya geti la mteja, kinyago cha kuchomelea usoni, mara mikono ikaanza kutetemeka na cheche zikaruka ovyo kila upande. Mteja alidhani amepigwa na umeme, akakimbia kuzima mashine. Kumbe ni baridi. Jua la Kolwezi lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia, na Omer anatetemeka kama mtu aliyeopolewa mtoni. Wakampandisha kwenye pikipiki, wakambana katikati asianguke, wakamleta nyumbani Dilala meno yakigongana.

Mkewe, Glodie, alikuwa barazani anakunja vikwembe, vitenge vyake vya kupeleka sokoni. Alimsaidia kushuka, akamlaza, akamfunika kila blanketi lililokuwamo ndani. Mtu mwingine angefikiria malaria kwanza, maana mjini kwao malaria ni jambo la kila mwezi. Glodie alifikiria Lubudi. Omer alikuwa ametoka huko juma lililopita, alikokwenda kumwona mama yake, na Glodie alipolikumbuka hilo akakaa ukingoni mwa kitanda.

Mama yake Omer aliitwa Mbuyu, jina la pacha. Alikuwa mjane, akiishi peke yake nje kidogo ya mji wa Lubudi, katika nyumba ya udongo ambayo marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake enzi treni zilipokuwa bado zinapita bila kukosa. Mzee huyo alipofariki, miaka kadhaa nyuma, Glodie alikwenda matangani akiwa mjamzito. Wanawake walilala mle ndani chini kwenye mikeka, wamebanana, wakiimba mpaka sauti zikawakauka. Aliporudi Kolwezi alishikwa na homa ya ghafla. Akapewa dawa ya malaria, homa ikaondoka, akamshukuru Mungu na kurudi kwenye biashara yake. Haikupita muda homa ikarudi, na safari hii iliondoka na mimba.

Hakuwa peke yake. Mjomba wa Omer, Mechack, naye aliugua baada ya matanga yaleyale. Binamu aliyekwenda kuvuna mihogo aliugua. Kila aliyelala kwa yule mama alirudi akiwa mzima, akakaa siku chache, kisha akaanguka. Mwenye nyumba peke yake ndiye aliyebaki na afya yake, akilima, akitwanga, akilala palepale walipolala wengine. Watu walianza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona na kusema wazi: Mama Mbuyu ni mulozi, anakula watu wake. Hata ile habari kwamba pacha mwenzake alikufa mchanga, ambayo zamani ilisimuliwa kwa huruma, sasa ikasimuliwa kwa namna nyingine.

Omer hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Aliacha tu kwenda. Glodie alijifungua mtoto mwingine, msichana, wakamwita Shekina, na hakuna aliyesema apelekwe Lubudi akaonwe na bibi yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka jirani mmoja alipopiga simu kwamba mama ameteleza shambani, mguu umevimba, na paa la nyumba linavuja. Omer alikwenda peke yake. Alibaki huko siku chache, akarudisha nyasi paani, akapasua kuni za kutosha, akarudi. Na sasa alikuwa amelala chini ya mablanketi, macho mekundu, kichwa kinamgonga.

Dada yake mkubwa, Jeanne, ambaye hata Glodie alimwita yaya, yaani dada, alifika kabla jua halijaenda upande. Jeanne ndiye aliyemlea Omer alipoletwa mjini kusoma, na alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Hakukaa.

“Alienda ku Lubudi?”

“Alienda, yaya.”

“Na alilala mu ile nyumba?”

“Alilala. Mama aliumia muguu. Nani angemuona?”

Jeanne alimshika kaka yake paji la uso, akaondoa mkono haraka. “Mi sitaki kusema mubaya juu ya mama yangu mwenye alinizaa,” alisema polepole. “Lakini miaka yote hii tunaona. Weye Glodie njo wa kwanza unajua.”

Glodie alikuwa anajua, au alidhani anajua. Kwa miaka mingi alikuwa akilala na wazo hilo, akiamka nalo, akikaa nalo sokoni huku akipima vikwembe kwa urefu wa mkono. Alimwogopa yule mama, na ndani ya woga huo mlikuwa na hasira ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Walimpeleka Omer kwenye zahanati ya karibu. Kipimo cha malaria kikasema hakuna kitu. Wakampima typhoïde, wakaambiwa iko kidogo, wakapewa vidonge. Siku iliyofuata, alasiri, Omer alitokwa na jasho kiasi kwamba godoro lililowa likabidi lianikwe juani. Alipomaliza kutoka jasho alikuwa baridi kama samaki, dhaifu, na homa haipo kabisa. Akaomba ugali. Ndugu wote wakafurahi, na vidonge vya typhoïde vikapewa sifa.

Alirudi kwenye karakana yake kando ya barabara, ambako vijana wanaokwenda kuchimba madini huko Mashamba humletea nondo zao awachongee. Kwa juma zima alifanya kazi vizuri, amekonda kidogo tu. Halafu, akiwa anapima dirisha la mtu, baridi ikamrudia palepale aliposimama.

Sasa hofu ikaingia hata kwa majirani. Mama wa nyumba ya pili aliwakataza watoto wake kucheza na Shekina. Alisema magonjwa ya siku hizi yanaruka kutoka kwa mtu hadi mtu, hakuna anayejua. Wateja wa Omer walipeleka kazi zao kwingine. Pale zahanati wakampa dawa ya malaria ya nguvu zaidi, na baada ya siku chache homa ikakatika tena kwa jasho lilelile, na kila mtu akabaki na maelezo yake. Jeanne akasema dawa haiwezi kumponya mtu aliyefungwa na mama yake. Alijua mahali wanapofanya maombi ya kufungua watu kama hao.

“Nipe siku kidogo, yaya,” Glodie alimwambia. “Nimupeleke kwanza ku lopitalo mukubwa. Wakishindwa, tutaenda kwenye unasema.”

Hospitalini walipokewa na daktari mwanamke wa makamo, Dokta Brigitte, mtu wa maneno machache, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kaskazini vijijini kabla ya kuhamia Kolwezi. Siku hiyo Omer alikuwa mzima. Aliona hata aibu kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Dokta alimsikiliza, akamkandakanda tumbo, akamtazama macho, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

“Tata Omer, mbele ya homa kuanza, ulilala wapi?”

“Ku Lubudi, kwa mama.”

“Pa kitanda?”

“Hapana. Chini, pa mukeka.”

“Nyumba ya udongo?”

“Ya udongo, ya zamani.”

“Na bengine benye balilala mule, banagonjwaka?”

Omer alimtazama mkewe. Lilikuwa jambo la ukoo, lisilosemwa mbele ya mgeni. Glodie akaona heri yeye aliseme. “Bote, Dokta. Bote banagonjwaka vile vile. Homa inaenda, inarudi. Paka mama mwenyewe tu njo anabakiaka muzima.”

Alitegemea daktari angeinamisha macho, kama watu wanavyofanya wakisikia habari ya namna hiyo. Dokta Brigitte aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu.

“Leo sitaona kitu mu damu yake,” alisema. “Homa ikienda, na yenye kuileta inajificha. Siku itarudi, musingoje ipoe. Mukuye ile saa, anatetemeka vile vile.”

“Na kama hairudi?” Omer aliuliza.

“Ikirudi, musingoje.”

Ilirudi siku ya Jumapili, wakati wengine wanatoka kanisani. Glodie hakumfunika blanketi hata moja. Alimpandisha pikipiki na yeye akapanda nyuma yake, akamkumbatia mpaka hospitalini ili asianguke. Fundi wa maabara, kijana mmoja mrefu aliyeitwa Samy, alichukua tone la damu ya Omer, akaliweka chini ya darubini likiwa bado bichi, akatazama, akaenda kumwita daktari. Daktari akatazama. Kisha akamwita Glodie.

“Kuya uone. Funga jicho moja.”

Mwanzoni Glodie hakuona kitu ila mwanga. Halafu vikatokea viduara vingi vya rangi ya njano hafifu, vimesongamana kama watu sokoni. Akataka kuinua kichwa, akaona viduara viwili vinasukumwa. Kati yavyo palipita kitu chembamba sana, kimejiviringa kama uzi uliochomoka kwenye pindo la kitambaa, kinajinyonganyonga, kinapita, kinapotea. Kisha kingine. Kisha vingine.

“Iko nini hii?”

“Njo homa ya bwana yako,” Dokta Brigitte alisema. “Haina malaria, haina typhoïde. Inaletwa na kimputu.”

Kimputu Glodie alimjua kwa jina. Wengine humwita papasi. Ni jamaa wa kupe, ila hafanani sana na yule kupe mgumu anayeng'ang'ania kwenye sikio la mbwa mpaka avimbe kama harage. Huyu ni wa kijivu, ngozi yake laini yenye mikunjo, na makao yake ni nyumba: nyufa za ukuta, vumbi la sakafu, chini ya mkeka. Mchana amejificha. Watu wakilala anatoka, anauma, ananyonya kwa muda mfupi na kurudi kwenye ufa wake, na aliyeumwa hata hashtuki. Anaweza kukaa miaka bila kula akimsubiri mtu. Daktari aliyaeleza hayo bila haraka, huku Omer akiandaliwa kitanda, na Glodie aliuliza kila alichotaka kuuliza.

Aliuliza ilikuwaje dawa zikafanya kazi kisha zisifanye. Dokta akamwambia dawa zile hazikuwa zimefanya kitu. Homa yenyewe ina tabia ya kwenda na kurudi. Mwili unapigana na vile vidudu, unaviua karibu vyote, mtu anatoka jasho, anapona. Lakini vichache vinavyobaki vinabadilisha nguo. Mwili hauvitambui tena, vinazaana, na baada ya siku kadhaa vita vinaanza upya.

“Malaria inaletwa na mbu,” Dokta alisema, “na mutu asipopata dawa, haimupe wiki muzima ya kupumuzika hivi. Typhoïde inatoka mu maji na chakula kichafu. Ile inapanda polepole, inabakia usiku na mchana, tumbo inaumia. Hii ya kimputu inakuya mara moja, inakuchoma siku kidogo, inakuacha unafikiri umepona. Lakini usijifunge mu kichwa kwamba utaijua kwa macho. Homa zote ziko na uso moja. Damu njo inasema, na inasema paka siku ya homa.”

“Na batoto? Jirani anaogopa Shekina atawapa batoto yake.”

“Haipite mu mikono, haipite mu sahani wala mu pumzi. Kama kimputu hakukuuma, huna kitu.”

Glodie alikuwa bado na swali. “Juu ya nini mama ye hagonjwe? Iko analala mule kila siku.”

“Alishagonjwa zamani, pengine hata hakujua. Bimputu binamuuma kila mara, mwili yake ilizoea kupigana. Mugeni ye anakuya na mwili yenye haijue kitu. Hata mwenye alikomalia mule, akikaa mbali miaka mingi, mwili inasahau.”

Jibu lenyewe lilikuwa dogo. Glodie alibaki amesimama nalo. Miaka yote ile walikuwa wakisema angalia, yeye peke yake haumwi, na sababu ilikuwa hii.

Alisubiri mpaka Samy ameondoka ndipo akauliza swali lake mwenyewe. “Dokta, homa kama hii inaweza kutosha mimba, itoke mbele ya siku yake?”

“Inaweza. Kwa mwanamuke wa mimba njo inakuwaka mubaya zaidi.” Daktari alimtazama. “Ilikuwa weye?”

Glodie alitikisa kichwa kukubali.

“Siwezi kukuapia, mama. Hakuna mwenye alipima damu yako ile wakati. Lakini vile ulinieleza, mi naamini ni ile.”

Alikwenda nje, akakaa karibu na bomba la maji ambako wanawake wengine walikuwa wanafua, akalia. Mmoja wao alimsogezea ndoo iliyopinduliwa ili akae vizuri, hakumuuliza kitu. Alilia kwa ajili ya mtoto, kama alivyokuwa amemlilia siku nyingi. Lakini safari hii hasira aliyoizoea haikuwa na mahali pa kwenda, na hilo nalo lilimliza.

Omer alipewa dawa mchana huohuo. Kabla ya kumpa, daktari aliwaonya wote wawili: saa chache za mwanzo hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana vidudu vikifa vyote kwa pamoja mwili unashtuka, wasiogope, wauguzi watakuwa karibu. Onyo ni jambo moja, kuona kwa macho ni jambo lingine. Omer alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinapiga ukuta. Alipayuka, akamwita marehemu baba yake kwa jina. Na hapo ndipo Jeanne alipoingia, gari likimsubiri nje, tayari kumchukua kaka yake kumpeleka kwenye maombi.

“Munaona?” alisema. “Dawa inamuua. Glodie, mufunike, tunaenda.”

“Haende, yaya.”

“Nasema mufunike.”

“Dokta alisema mbele kama itakuwa hivi. Alisema kila kitu vile unaiona.” Glodie akashika chuma cha kitanda. “Kaa, yaya. Umushike mukono. Akipata mubaya, mi njo utanisemea maisha yangu yote.”

Jeanne alisimama kwa muda mrefu kati ya mlango na kitanda. Muuguzi akaja, akampima Omer, akarekebisha dripu, akasema moyo unapiga vizuri. Mwishowe Jeanne alikaa. Alimshika kaka yake mkono kwa mikono yake miwili, akasali kimyakimya, na Glodie akasali naye. Kutetemeka kukapungua, jasho likaja, na kabla ya giza kuingia Omer alifumbua macho, akauliza kwa nini dada yake anamwumiza vidole.

Haikurudi tena.

Omer alitaka kwenda Lubudi mara tu alipoweza kusimama, lakini hata ngazi ya mlangoni ilimshinda. Glodie akasema atakwenda yeye. Mumewe alimtazama kwa mshangao, kisha akainama. “Kama unaweza,” alisema. Glodie alimwacha Shekina kwa Jeanne, akapanda jeep ya alfajiri pamoja na wafanyabiashara wa unga, akiwa amepanga kulala kwa masista wa parokia mjini, maana daktari alimsihi asilale mle ndani.

Alimkuta mama mkwe wake anaanika maharage uani. Alikuwa amezeeka kuliko Glodie alivyotarajia, na mguu ule alikuwa bado anauvuta. Alipomwona mgeni akasimama, akatazama nyuma yake, hakuona mtu mwingine. Hakumsalimia. Alichukua kiti cha mbao, akakiweka katikati ya uwanja mbali na nyumba, kisha yeye mwenyewe akaenda kukaa kule kwenye kinu.

“Usiingie mu nyumba,” alisema. “Kaa paka hapa inje. Sema, mutoto yangu. Omer alikufa saa gani?”

Glodie alisema haraka. “Hakukufa, mama. Iko muzima. Jana alikula mihogo.”

Mama Mbuyu alifunika uso kwa kikwembe chake. Mabega yalimtikisika, lakini hakutoa sauti. Glodie aliacha kiti pale kilipowekwa, akaenda kukaa chini karibu na kinu, akamweleza yote: darubini, vile vinyuzi, kimputu, namna homa inavyokwenda na kurudi. Alieleza kwa lugha ya nyumbani, na pale alipokwama alirudia maneno ya Dokta Brigitte kama alivyoyasikia.

“Bimputu mi nabijua,” mama alisema alipomaliza. “Nilivikuta hapa nilipoletwa bibi-arusi. Vinauma, unajikuna, unasahau. Njo hivyo?”

“Njo hivyo.”

“Kumbe haina miye.”

Glodie alimtazama.

“Bantu bakisema kitu kimoja miaka yote, unaanza kujiuliza,” Mama Mbuyu alisema, macho yake kwenye maharage. “Nilikuwa naomba Mungu: kama kuko kitu mu miye chenye sikijue, ukitoshe. Nilikatala bantu kuingia. Batoto ya jirani bakipita, mi naingia mu nyumba basinione. Omer alipokuya nilimuambia lala inje, akaniuliza, mama, unanifukuza? Nikamuacha. Alipoenda sikulala.”

“Haina weye, mama. Ni nyumba.”

Walikaa. Kuku wakaanza kudonoa maharage na hakuna aliyewafukuza. Halafu mama mkwe akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama anaomba kitu ambacho si haki yake. “Ile mimba yenye ilitoka. Alikuwa muke ao mume?”

“Mume.”

“Hakuna mwenye aliniambia. Balisema paka imetoka, simu ikakatika.” Akashusha pumzi. “Nilimulilia bila kujua niko namulilia nani.”

Hapo Glodie alimshika mkono. Ulikuwa mgumu kama gome, na mwepesi. Walilia wote wawili, kila mmoja kwa upande wake na kwa pamoja, na walipomaliza Mama Mbuyu ndiye aliyeinuka kwanza kuwafukuza kuku.

Kabla ya kuondoka Glodie alitaka kuona kwa macho yake. Alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, na mama akaingia na kijiti, akakwangua ufa ulio karibu na anapolala, akatoka na vumbi kwenye sahani nyeupe. Waliinama wote. Halikuonekana kitu ila vumbi na vipande vya udongo. Wakasubiri juani, kimya, hata Glodie akataka kukata tamaa. Kisha kipande kimoja cha udongo kikanyoosha miguu, kikaanza kutembea.

Kiangazi kilipoingia Omer alirudi Lubudi na nguvu zake, akachukua likizo ndefu karakanani. Alijenga nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, kuta zimepigwa lipu mpaka ukucha haupati pa kuingia. Kwa ushauri wa daktari, hakuna kilichotoka nyumba ya zamani bila kuchemshwa au kukung'utwa na kuanikwa juani, ili vimputu visihamishwe kwenye mafurushi. Mikeka na nyasi za paa vilichomwa. Ukuta ulipoangushwa Mama Mbuyu alisimama akitazama, maana ulikuwa kazi ya mikono ya mumewe, na Omer hakumharakisha.

Jeanne alikuja siku ya kuhamia, pamoja na Shekina. Hakutoa hotuba. Alipiga magoti akamsalimia mama yake, kisha akachukua ufagio, akafagia uwanja wote mpaka njiani, na mama yake akamfuata nyuma akimwambia hapo umeacha, na pale umeacha, kama alivyomwambia alipokuwa msichana. Mjomba Mechack hakuja, na mpaka leo hajabadilisha maneno yake. Majirani wengine wako hivyo pia. Wengine walianza kupita na kusimama, kutazama sakafu ya saruji, kuuliza.

Alasiri hiyohiyo akaja mwanamke wa nyumba ya tatu, Princesse, mtoto wake mgongoni anachemka. Alikuwa amesikia kuna homa ya vidudu vya ukutani, akataka Glodie amwambie kama ndiyo hiyo.

“Mi sijue,” Glodie alimwambia. “Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kitu kingine. Mupeleke sasa hivi apimwe, akiwa na moto vile vile. Usingoje kesho.”

“Bwana yangu haiko. Nitaenda na nani?”

Glodie alikuwa anafungua mdomo kusema atakwenda naye. Lakini Princesse alikuwa ameshageuka. Alimfungua mtoto mgongoni ili afunge upya kikwembe kilicholegea, na kwa kuwa mikono yake ilijaa, akampa mtoto mtu aliyesimama karibu zaidi. Aliyesimama karibu zaidi alikuwa Mama Mbuyu.

Yule mama alisita kidogo tu. Kisha akampokea mtoto, akamweka begani, akamfunika kichwa kwa mkono wake jua lisimpige.

“Funga muzuri,” alimwambia Princesse. “Mi niko naenda na weye.”